Baridi ya Ngorongoro Si Kivuli

Magari ya watalii yanayopanda kutoka Karatu kwenda lango la Lodoare hubeba kitu ambacho ni nadra kukikuta kwenye kabati la dawa la zahanati ya kijijini: mafuta ya kujikinga na jua. Mgeni hujipaka shingoni kabla ya kuteremka kreta, hujipaka tena mchana, na akirudi kwao, kama ni Mjerumani au Mwaustralia, huenda kuna siku amepangiwa kuvua nguo mbele ya daktari bingwa wa ngozi ili akaguliwe utosini hadi unyayoni. Desturi hiyo inatufikia sasa kama ushauri wa afya kwa kila mtu. Upeleke ushauri huo Piyaya uone unavyogeuka kichekesho. Piyaya ni kata ya wilaya ya Ngorongoro, kwenye tambarare za nyasi fupi mashariki mwa Serengeti, mahali ambapo ng'ombe ni wengi kuliko miti na mwenye mgonjwa huanza kupiga hesabu ya barabara ya vumbi kabla ya kupiga hesabu ya dawa. Kumwambia mfugaji wa pale, mwenye ngozi nyeusi isiyo na tatizo, akamwone bingwa wa ngozi kila mwaka ni kumpotezea siku na kumuuzisha mbuzi kwa ajili ya nauli. Lakini katika kata hiyohiyo, ushauri huohuo ukimfikia mtu mwenye ualbino hauchekeshi mtu. Kwake yeye mara moja kwa mwaka ni chache mno. Nitakalolitetea hapa ni hili: uchunguzi wa saratani ya ngozi katika wilaya za Karatu na Ngorongoro upangwe kwa kufuata hatari, uwafikie wachache walio hatarini kila baada ya miezi sita tangu utotoni, na usisubiri bingwa.

Nianze na wale wasiouhitaji, kwa sababu mpango unaotaka kumhudumia kila mtu kwa kawaida huishia kwa walio karibu na lami. Mwaka 2023 jopo la wataalamu linaloishauri Marekani kuhusu huduma za kinga lilipitia upya swali hili na kusema kwamba ushahidi uliopo hautoshi kupendekeza, wala kukataza, kuwakagua ngozi watu wasio na dalili yoyote. Hiyo ni nchi yenye mamilioni ya watu weupe na mabingwa wa ngozi kila jiji. Ujerumani ilikwenda mbali zaidi. Ilijaribu uchunguzi wa umma katika jimbo la Schleswig-Holstein mwaka 2003 na 2004, ikaona vifo vya melanoma, saratani hatari ya ngozi, vinashuka, na mwaka 2008 ikaufanya haki ya kila mwenye bima aliyefikisha miaka 35, kila baada ya miaka miwili. Baadaye vifo vya Schleswig-Holstein vikapanda tena hadi karibu na pale vilipokuwa, na mpaka leo wataalamu wanabishana kilitokea nini. Kama kwa Wajerumani jambo hili lina utata, kulinunua jumlajumla kwa ajili ya watu ambao melanini yao, yaani rangi ya ngozi, inawafanyia kazi ya mwavuli mchana kutwa ni matumizi mabaya ya fedha za halmashauri.

Mtu mwenye ualbino hana mwavuli huo. Amerithi kutoka kwa baba na mama, ambao wote wawili wanaweza kuwa weusi tii na wasijue kwamba wamebeba kitu, hitilafu ya jeni inayozuia mwili kutengeneza rangi ya kutosha kwenye ngozi, nywele na macho. Tunachojua kuhusu hatima ya ngozi hiyo chini ya jua la Ikweta kimetokana kwa sehemu kubwa na kazi iliyofanyika hapahapa. Mwaka 1985 Luande na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu 350 wenye ualbino jijini Dar es Salaam, na jambo lililowatia simanzi waliolisoma ni kwamba madhara ya jua yalianza kuonekana ndani ya mwaka wa kwanza wa maisha. Miaka kumi kabla yake, daktari wa Nigeria aitwaye Okoro aliwaangalia zaidi ya watu elfu moja wa aina hiyo, asimpate aliyevuka miaka 20 bila saratani au dalili zinazoitangulia. Moshi, mapitio ya miaka kumi ya vinyama vilivyokatwa na kupimwa, yaliyochapishwa mwaka 2014, yalihesabu sampuli 134 kutoka kwa wagonjwa 86. Zaidi ya nusu zilitoka kichwani na shingoni, na melanoma ilikuwa moja tu. Karibu zote zilizobaki zilikuwa saratani za ngozi za aina mbili ambazo hukua taratibu na, zikiwahiwa, huondolewa kwa kisu kidogo na sindano ya ganzi.

Neno la kulikamata hapo ni "zikiwahiwa". Hospitali ya Bugando, Mwanza, ilichapisha mwaka 2012 habari za wagonjwa wake 64 wenye ualbino waliofika na saratani ya ngozi. Umri wao wa kati ulikuwa miaka 30. Muda wa kati waliokuwa wamekaa na ugonjwa kabla ya kuingia mlango wa hospitali ulikuwa miezi 24. Sababu iliyotajwa zaidi ya kuchelewa ilikuwa fedha. Miezi 24 ni mirefu kiasi gani kwa ugonjwa wa namna hii? Unaanza na gamba kavu juu ya sikio, gumu kidogo kama ukoko wa ugali, lisiloumiza. Mtu hulibandua kwa kucha, damu ikatoka tone moja, gamba likarudi. Baada ya miezi kadhaa panakuwa na kidonda chenye kingo zilizoinuka, kinachofungwa kitambaa na kupakwa chochote kilichoko nyumbani. Kinapoanza kunuka na kuingia kwenye tezi za shingo, ndipo ng'ombe anauzwa. Gamba lile la mwanzo lingeondoka kwa dakika moja ya kugandishwa kwa baridi kali, na ng'ombe angebaki zizini.

Nimetaja baridi, na baridi ndiyo inayowadanganya watu wa nyanda za juu. Karatu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro unafika kama mita 2,300. Asubuhi kuna ukungu, watu wamevaa masweta, na hakuna anayehisi kwamba jua lipo. Lakini joto na mionzi ya urujuanimno ni vitu viwili tofauti. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mionzi hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, na wingu jepesi huipitisha sehemu kubwa. Maana yake ni kwamba mtoto mwenye ualbino anayetetemeka kwa baridi pale ukingoni anaweza kuwa anaungua kuliko mwenzake anayetoka jasho Tanga. Shuka la Kimasai nalo, ambalo kwa mgongo ni kinga nzuri, likifungwa lubega linaacha bega moja, mkono, shingo na kichwa wazi, na kichwa chenyewe mara nyingi kimenyolewa. Ukishuka Mang'ola, kwenye mashamba ya vitunguu kando ya Ziwa Eyasi, kazi ni ya kuinama, na anayeinama hulipa jua kisogo. Kisogo, juu ya sikio, bega, mgongo wa mkono: mwenye kukagua asijiulize pa kuanzia.

Kuna watakaosema kwamba haya yote yanaonyesha umuhimu wa kinga, na kwamba fedha ziende kwenye kofia na mafuta, si kwenye kliniki. Hoja hii ina uzito kuliko wanavyokubali wapenzi wa uchunguzi. Kofia yenye ukingo mpana, mikono mirefu na kazi za kivulini huzuia saratani ambayo uchunguzi ungeikuta tayari imeota. Nchi yetu pia ina bahati ambayo wengine hawana: mafuta ya Kilisun hutengenezwa Moshi, kwa ajili ya ngozi za watu wenye ualbino wa Afrika. Hata hivyo mafuta hayasemi. Chupa ikimfikia kijana wa miaka 17 wa Piyaya ambaye amechunga mbuzi tangu akiwa na sita, haiwezi kumwambia kwamba lile gamba la shavuni limekwishageuka. Tena chupa huisha, na mtu ambaye hakuna anayemwangalia hana wa kumwambia imeisha. Kliniki ya kila miezi sita ndiyo sababu ya mafuta kugawiwa kwa mpango, ya mama kufundishwa kwamba mafuta hupakwa na masikioni pia, na ya mtu kujulikana kwamba msimu huu hakuja. Kinga na uchunguzi husafiri kwenye gari moja, na anayezitenganisha kwenye bajeti atalipia safari mbili.

Pingamizi la pili ni la wahesabu: mabingwa wa ngozi nchini ni wachache, na wanaishi mijini. Kweli. Ila hapa tunachanganya cheo na kazi. Kazi yenyewe ni kutazama ngozi yote mahali penye mwanga, kutambua gamba la hatari, kuligandisha au kulikata, na kujua lipi la kupeleka mbele. Mwaka 1992 kilianzishwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi, na wazo lake lilikuwa hilohilo: Afrika haitapata mabingwa wa kutosha upesi, kwa hiyo wafundishwe matabibu na wauguzi, kwa stashahada ya juu ya miaka miwili, kisha warudi wilayani kwao. Wahitimu wake wametawanyika nchi nyingi za bara hili. Kituo hicho hicho kilianza mapema kuwafuata watu wenye ualbino vijijini kwa huduma ya mkoba, na shirika la Standing Voice limeshirikiana nacho kuendesha kliniki za namna hiyo katika mikoa mbalimbali. Hatuhitaji kubuni kitu. Kinachotakiwa ni tabibu mmoja wa ngozi anayeijua barabara ya Wasso na ya Endulen wilayani Ngorongoro, mwenye simu ya kupiga picha na mtu Moshi wa kuipokea.

Anahitaji pia mtungi, na mtungi huu ndio unaonifanya nisadiki kwamba tatizo si umaskini peke yake. Magamba ya jua hugandishwa kwa naitrojeni kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Ukiuliza kwa nini haipatikani vijijini utaambiwa inavukiza, haihifadhiki, usafiri wake ni mgumu. Sasa nenda Usa River, kwenye Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, si mbali na jiji la Arusha. Pale mbegu za madume bora ya ng'ombe huhifadhiwa ndani ya naitrojeni hiyohiyo, na maofisa mifugo huibeba kwenye mitungi maalumu hadi kwa wafugaji. Mkoa huu wa Arusha kwa miaka mingi umejua kusafirisha baridi ya nyuzi 196 ili ndama wa kesho awe na maziwa mengi. Sioni jambo la kiufundi linalozuia mtungi wa pili kupanda gari hilo kwa ajili ya masikio ya watoto. Na pale ambapo mtungi umeshindikana kabisa, ipo krimu ya fluorourasili, ambayo mgonjwa huipaka mwenyewe kwa wiki kadhaa, mradi awepo wa kumsimamia.

Tupige hesabu basi, maana mipango mingi hufa kwa kuogopa namba ambazo hakuna aliyezijumlisha. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 16,477 wenye ualbino nchini, ambao ni takriban mmoja kwa kila watu 2,700. Watafiti hutumia kadirio la juu zaidi, mmoja kwa 1,400. Wilaya za Karatu na Ngorongoro, kwa sensa ya 2022, zina watu wapatao 550,000 kwa pamoja. Kwa uwiano wa sensa tunazungumzia watu kama 200, kwa kadirio la juu, kama 400. Kila mmoja akikaguliwa mara mbili kwa mwaka, ni ziara 400 hadi 800. Tabibu akiona watu 20 kwa siku bila kukimbizana, amemaliza kazi ya wilaya mbili kwa siku 20 hadi 40 za mwaka mzima, siku za barabarani kando. Siku nyingine zote ni za kuwatibu waliobaki upele, fangasi na ukoma. Ukisoma takwimu za taifa unaona mlima. Ukizishusha wilayani unakuta majina yanayoenea kwenye daftari moja la kaunta.

Na hapo kwenye daftari ndipo penye pingamizi ninalolihofia kuliko mengine yote. Tangu mauaji ya watu wenye ualbino yaliporipotiwa kwa wingi mwaka 2007 na 2008, hasa Kanda ya Ziwa, orodha yoyote ya majina na vitongoji vyao ni kitu cha hatari. Mwaka 2024 taifa lilishtushwa tena na mauaji ya mtoto mdogo huko Muleba. Mzazi wa Malambo au Piyaya anayekataa mwanawe aandikwe ana akili timamu. Jibu langu ni kwamba vituo vyetu vya afya tayari vinatunza daftari zinazoweza kuvunja maisha ya watu. Wenye virusi vya UKIMWI hufuatwa kwa namba za kliniki, kwa kadi, kwa kabati lenye kufuli, na kwa wahudumu wanaojua kufunga mdomo. Nidhamu ileile itumike huku. Kliniki nayo isibandikwe tangazo la siku ya watu wenye ualbino. Iwe siku ya ngozi, kila mwenye upele aje, na foleni iwafiche wanaohitaji kufichwa. Kwa mzazi ambaye bado hataki, tabibu aende kwake boma kwa boma akiongozana na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayefahamika pale. Nikubali kwamba hatari haitaisha. Lakini mtoto asiyeandikwa popote hajafichwa mbele ya jua.

Wapo pia wanaosema watu wa kule hawaji hospitali, kwamba ni mila, ni umbali, ni kutokujali. Mwenye kusema hivyo amesahau mwaka 2011. Mwaka huo kijiji cha Samunge, ndani ya wilaya hiihii ya Ngorongoro, kilipokea maelfu kwa maelfu ya watu waliokwenda kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, Babu wa Loliondo. Foleni ya magari ilikwenda kilometa nyingi. Wagonjwa walilala barabarani siku kadhaa, wengine walifia njiani. Kikombe hakikuthibitika kuponya, na sitakitetea. Ninachokitazama ni namna watu walivyofika. Bei ilikuwa moja, shilingi 500, kwa tajiri na maskini, nayo ilijulikana nchi nzima. Mahali palijulikana. Ulikwenda mara moja, ukahudumiwa siku hiyo, ukaondoka. Linganisha na safari ya mwenye kidonda cha sikio leo: zahanati anaambiwa nenda wilayani, wilayani nenda mkoani, mkoani njoo Alhamisi, Alhamisi nenda Moshi, na bei haijui mpaka afike dirishani. Barabara ya Samunge ilikuwa mbaya vilevile. Watu hushinda umbali wakiujua mwisho wake. Kliniki ya ngozi ikitangazwa kwa tarehe zisizobadilika, tuseme kuanzia wiki ya kwanza ya Februari na ya Agosti, ikafanyika karibu na mnada ambako watu wanakwenda hata hivyo, ikatoa tiba palepale bila dirisha la malipo, itapata watu. Ikiahirishwa mara mbili kwa sababu gari la halmashauri limekwenda kwenye ugeni, itawapoteza.

Na sisi wengine, wenye rangi yetu? Tusikaguliwe, ila tujikague mahali ambapo rangi ni hafifu: nyayo, viganja na chini ya kucha. Melanoma ya watu weusi hupenda hapo, na haitokani na jua. Ya mwanamuziki Bob Marley iligunduliwa kwenye kidole chake cha mguu mwaka 1977, akafa nayo mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Kwa mfugaji anayetembea na kandambili za tairi, doa jeusi linalotanuka unyayoni ni rahisi kulidhania mwiba wa zamani. Jambo la pili la kutazama ni kovu la moto au kidonda cha mguu cha miaka mingi ambacho ghafla kinaota nyama na kuvuja. Hicho kinaweza kuwa kimegeuka saratani, na kukibadilishia dawa ya kupaka hakusaidii. Haya mawili muuguzi yeyote anaweza kufundishwa kwa asubuhi moja.

Tarehe 13 Juni kila mwaka dunia huadhimisha siku ya uelewa kuhusu ualbino, na kwetu huwa kuna fulana, hotuba na kofia chache za kugawa mbele ya kamera. Naziomba halmashauri za Karatu na Ngorongoro ziiache hotuba mwaka mmoja, ziandike barua mbili. Moja iende Moshi kuomba tabibu wa ngozi kwa zile siku 20 hadi 40, zigawanywe Februari na Agosti. Nyingine iende Usa River kuulizia mtungi. Na wewe msomaji mwenye mtoto, ndugu au jirani mwenye ualbino, mweke penye mwanga leo umtazame juu ya masikio, kisogoni na begani. Ukiona gamba au kidonda kilichokaa wiki nne bila kupona, usingoje Februari.